Nguo Unayoweza Kuchuchumaa Nayo

Nguo ya kazini siijaribu kwa kusimama wima mbele ya kioo. Naijaribu kwa kuchuchumaa. Nikiwa katika chumba cha kujaribia nguo huinua mikono yote miwili juu, nikainama hadi vidole viguse viatu, kisha nachuchumaa mpaka chini na kunyanyuka bila kushika ukuta. Blauzi ikichomoka kwenye sketi, kishikizo cha kifuani kikifunguka, suruali ikishuka mgongoni, naivua na kuirudisha. Hata rangi iwe nzuri namna gani, hiyo si nguo yangu.

Watoto wangu nimewalea huku nikienda kazini, na katika miaka hiyo nimeshika jambo moja: siku ya mama mfanyakazi haianzi anapofika ofisini. Nguo atakayoonekana nayo mbele ya mkuu wake imeshapita mikononi mwa mtoto. Imeshavutwa, imeshalaliwa na kichwa chenye mafua, pengine imeshatapikiwa. Jioni inarudi kwenye mikono ileile. Wanaoshona nguo za kazini hufikiria saa za kukaa mezani. Mimi nafikiria saa mbili za kabla na saa chache za baada, maana hizo ndizo zinazoichosha nguo, na ndizo zinazonichosha mimi. Nguo inayofaa ofisini tu, kwa mama mwenye mtoto mdogo haijafaa.

Mwili unaorudi kazini baada ya likizo ya uzazi si ule ulioondoka. Hilo ni la kawaida na halistahili aibu yoyote. Kifua changu kilikuwa kimeongezeka, mbavu zimetanuka, nyonga zimehama, na viatu nilivyovizoea vilinibana vidoleni. Wakati wa ujauzito mwili hutoa homoni iitwayo relaksini, ambayo hulegeza kano zinazoshikilia viungo, na pamoja na uzito ulioongezeka, nyayo za baadhi ya wanawake hurefuka au kupanuka na hazirudi tena. Kwa hiyo viatu vile niliwapa waliovitosha. Nikanunua pea moja nzuri, na nikainunua alasiri, kwa sababu miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga. Kiatu kinachokutosha asubuhi kinaweza kukuuma jioni. Kinachokutosha alasiri utakaa nacho siku nzima. Kisigino kifupi na kipana, soli isiyoteleza, na kiwe cha kuvaa bila kutumia mikono, maana mikono asubuhi ina kazi nyingine.

Mama yangu mdogo hakupenda ninunue nguo nyingine. "Mwanangu, subiri," aliniambia, "mwili utarudi, za zamani zitakutosha." Nilimjibu kwa heshima kwamba mwili unaweza kuchukua muda wake, lakini kazi inaanza Jumatatu. Mpaka leo naamini hivyo. Kukaa mwaka mzima ndani ya suruali inayokukata tumboni, ukisubiri siku itakayokutosha, ni kujitesa bila sababu. Na hazihitajiki nguo nyingi. Suruali mbili zenye lastiki ubavuni au kiunoni, sketi moja ya kuzunguka na kufungwa, na blauzi chache ambazo kila moja inakubaliana na kila kilichopo chini yake. Ukifungua kabati gizani ukavuta chochote, kiwe kinaendana.

Sidiria ndiyo nguo ninayosema usiipunguzie gharama. Katika wiki za mwanzo kifua hubadilika kila siku, kisha hutulia kadiri maziwa yanavyojipanga na mahitaji ya mtoto. Kwa hiyo nunua chache za mwanzo zenye kunyumbuka, halafu ujipime upya kabla ya kurudi kazini. Epuka inayobana au yenye waya unaokandamiza titi. Mgandamizo wa mahali pamoja unaweza kuchangia maziwa kukwama, na titi lenye uvimbe mwekundu, moto na maumivu, ukiwa na homa juu yake, halisubiri mwisho wa wiki. Muone mhudumu wa afya. Na endelea kunyonyesha au kukamua kadiri unavyoweza, kwa sababu kuacha ghafla huzidisha tatizo.

Hapa ndipo nguo na malezi vinapokutana kabisa, kwenye maziwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya huku akila vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Likizo za uzazi katika nchi nyingi haziifikii hiyo miezi 6. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 183, wa mwaka 2000, unaweka likizo isiyopungua wiki 14, na wiki 14 ni zaidi kidogo ya miezi 3. Pengo linalobaki hapo katikati analibeba mama, kwa mikono yake na kwa blauzi aliyovaa. Mkataba huohuo unampa mama anayenyonyesha haki ya mapumziko ya kila siku, au kupunguziwa saa, na muda huo uhesabiwe kuwa ni wa kazi na ulipwe. Unazibana nchi zilizouridhia, na nchi nyingine zina sheria zao. Jua sheria ya kwako kabla ya kurudi, kisha zungumza na mkuu wako ukiwa bado likizo. Mimi niliandika barua fupi: nitahitaji chumba chenye mlango unaofungwa, soketi ya umeme, kiti, na dakika chache mara kadhaa kwa siku. Chumba hicho kisiwe choo. Hakuna anayeandaa chakula cha mtu mzima chooni, na chakula cha mtoto hakina hadhi ndogo kuliko hicho.

Ukikamua takriban kila baada ya saa 3, yaani karibu na ratiba ambayo mtoto angenyonya, mwili unaendelea kuelewa kwamba maziwa yanahitajika. Ukipitisha muda mrefu, kifua kinajaa, kinauma, na kinavuja. Blauzi ya kazini basi lazima ifunguke mbele. Gauni lenye zipu ya mgongoni, ambalo kukamua kunadai livuliwe lote, niliacha kulitazama kabisa. Blauzi zenye vishikizo hadi kiunoni zinafaa. Zile za kupishana kifuani zinafaa pia, mradi uziwekee kishikizo kidogo cha ndani ili zisiachie ukiinama. Nilichokipenda zaidi ni fulana nyepesi ya ndani yenye mikanda, juu yake blauzi pana. Blauzi unaipandisha, fulana unaishusha, tumbo na mgongo vinabaki vimefunikwa, na hata mtu akifungua mlango kwa bahati mbaya hakuna cha kukutia fadhaa.

Rangi nazo zina siri yake. Kitambaa kisicho na maua cha rangi ya kijivu, hasa kijivu cha katikati, au bluu ya maji, kikiguswa na tone moja la maziwa kinageuka cheusi pale pale na kila mtu anaona. Nyeusi, bluu ya usiku, na vitambaa vyenye maua madogomadogo huficha. Pedi za kunyonyeshea nilizipenda za pamba za kufua, lakini zisifuliwe na dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu inaacha utando kwenye nyuzi na pedi haifyonzi tena vizuri. Pedi iliyolowa ibadilishwe mapema. Unyevu unaokaa kwenye chuchu unaleta michubuko. Na ofisini, ndani ya droo, kulikuwa na blauzi ya akiba na koti jepesi jeusi. Koti hilo lilinisaidia katika mikutano kuliko nguo yoyote niliyokuwa nayo.

Kuhusu kuhifadhi, nilifuata mwongozo wa CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, na niliubandika ndani ya mlango wa friji ili msaidizi wangu wa nyumbani auone. Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa hadi saa 4 kwenye chumba chenye joto lisilozidi nyuzi 25, hadi siku 4 kwenye friji, na kwenye friza ni bora yatumike ndani ya miezi 6. Ndani ya kibegi cha baridi chenye barafu yanavumilia hadi saa 24. Yaliyogandishwa yakishayeyuka kabisa kwenye friji yatumike ndani ya saa 24, na yasigandishwe tena. Mtoto akinywa akabakisha, yanayobaki yatumike ndani ya saa 2, zaidi ya hapo yamwagwe, hata kama roho inauma. Roho huuma sana, nakiri, kila tone lina jasho lake. Usiyapashe kwenye maikrowevu, maana yanapata joto sehemu moja kuliko nyingine na kumuunguza mtoto mdomo. Yaweke kwenye bakuli la maji ya vuguvugu. Kila chupa ibandikwe tarehe, ya zamani itangulie kutumika.

Baada ya maziwa yanakuja madoa, na hapa naomba nisikilizwe kwa makini, kwa kuwa nguo nyingi nzuri hufa kwa maji ya moto. Maziwa, matapishi ya mtoto, damu na kinyesi vyote vina protini. Protini ikikutana na joto inaganda na kushikana na nyuzi. Kwa hiyo suuza kwanza kwa maji baridi, ukitokea upande wa nyuma wa doa ili ulisukume litoke lilikoingilia. Kisha weka sabuni, na ile yenye vimeng'enya inafanya kazi vizuri sana kwa sababu inavunjavunja protini yenyewe. Lakini usiitumie kwenye sufu wala hariri, kwani nyuzi hizo nazo ni protini. Maziwa yana mafuta pia, basi likibaki duara la kung'aa, tone la sabuni ya vyombo linalimaliza. Wino wa kalamu hutolewa kwa spiriti, kwa kugusagusa na pamba, bila kusugua. Na usipige pasi wala kuanika kwenye mashine ya joto kabla hujahakikisha doa limetoka. Ukishalipiga pasi, mmeshakaa nalo.

Kwenye kitambaa nina msimamo wangu. Pamba tupu inavuta jasho na inapumua, ila inakunjamana, na mama anayebeba mtoto atafika kazini na kifua chote kimekunjwa. Polyesta haikunjamani na inakauka upesi, lakini hainyonyi unyevu, na inashika mafuta ya mwili na harufu. Viskosi, kitambaa laini cha nyuzi zitokanazo na miti, inaanguka vizuri mwilini, lakini ikilowa inadhoofika, isikamuliwe kwa nguvu. Ninachochagua ni mchanganyiko wa pamba na polyesta kwa blauzi, wenye elastani kidogo, yaani nyuzi za kuvutika, kwa suruali, na ninasoma lebo ya ufuaji kabla ya bei. Lebo ikisema ifuliwe kwa dawa kavu tu, nairudisha. Klorini nayo iwekwe mbali na chochote chenye elastani, inaikata uwezo wa kuvutika na suruali inabaki na magoti yaliyotuna.

Fundi wangu cherehani ndiye aliyenifundisha habari ya mifuko. Nilimtaka aweke mfuko kwenye sketi ya kazini, wa kutosha simu na kitambaa cha kufutia. Akanitazama, akasema, "Mama, nikiutundika kwenye mshono wa ubavuni peke yake, simu itaivuta sketi upande mmoja. Huu nitaufikisha juu, niushonee kwenye ukanda wa kiuno." Akafanya hivyo, na uzito wote ukabebwa na kiuno. Tangu hapo sinunui sketi kabla ya kutazama kama ina nafasi ya mfuko wa namna hiyo. Mama aliyebeba mtoto kwa mkono mmoja na begi kwa mwingine hana mkono wa tatu wa kutafutia funguo ndani ya mkoba. Wakati huohuo nilimwomba apunguze mapindo ya suruali yasiburuzike na aongeze kishikizo kimoja pale blauzi inapopasuka kifuani. Kazi ndogo za fundi zinaokoa nguo kuliko kununua mpya.

Mapambo niliyapunguza mwenyewe. Hereni za kuning'inia, mikufu mirefu na broshi zenye pini haziendi na mtoto wa miezi sita anayejifunza kushika. Saa ya mkononi yenye kingo kali nayo hukwaruza ngozi laini. Na chochote chenye betri ndogo ya duara, kifunguo cha gari au kibandiko cha mapambo chenye taa, kisikae ndani ya mkoba ulio wazi sakafuni. Mtoto akimeza betri hiyo inaweza kumchoma koo la chakula ndani ya saa 2. Akimeza, au ukishuku tu, ni hospitali muda huohuo. Mkoba wa mama ndio sanduku linalompendeza mtoto kuliko midoli yote, kwa hiyo wangu unatundikwa juu tangu naingia mlangoni.

Asubuhi nimeipanga kwa mpangilio ambao siubadilishi. Nguo za kila mtu, hadi soksi na nguo za ndani, zinatoka usiku na kuwekwa mahali pamoja. Asubuhi navaa nguo ya ndani na suruali, juu yake gauni pana la nyumbani lenye kufunguka mbele. Namlisha, namvalisha, namkumbatia, na blauzi ya kazini inavaliwa mwisho kabisa, tukiwa tumebakiza kutoka. Wapo wanaosema hili linakula muda. Linachukua dakika moja, na dakika hiyo ni fupi kuliko kubadilisha blauzi iliyomwagikiwa huku mtoto analia mlangoni.

Kulia mlangoni kunastahili kusemwa peke yake. Kuanzia karibu miezi 6 hadi 8, mtoto anaanza kutambua kwamba mama akitoka hayupo, na hofu ya kuachwa inapanda, mara nyingi hadi mwaka na nusu, kisha inapungua taratibu. Si ishara kwamba umemlea vibaya au kwamba kazi yako inamdhuru. Sikuwahi kutoka kwa kunyata. Nilimuaga kwa maneno yaleyale kila siku, nikambusu, nikamkabidhi, nikaondoka bila kurudi nyuma, kwa sababu mama anayerudi mara mbili anamrefushia mtoto kilio. Msaidizi wangu, ambaye watoto walimwita shangazi, nilimwachia mtandio nilioulalia usiku. Mtoto anatambua harufu ya mama yake tangu siku zake za kwanza, na shangazi alijifunga mtandio huo begani wakati wa kumbembeleza. Lakini haukuingia kitandani mwa mtoto. Mtoto ambaye hajafikisha mwaka alale chali, kwenye godoro gumu, bila mito wala vitambaa vilivyolegea.

Kisha kuna nguo za watoto wenyewe, na wazazi wengi wanaziangalia kwa uzuri tu. Mimi naziangalia kwa muda. Suruali ya lastiki ambayo mtoto wa miaka mitatu anaishusha mwenyewe chooni ni muda wa mwalimu wake na ni heshima ya mtoto, maana hajilowanishi akisubiri kufunguliwa mkanda. Viatu vya kubandika kabla ya vya kamba. Fulana yenye picha mbele, ajue upande upi ni wa kifuani. Mtoto hujua kuvua kabla ya kujua kuvaa, na vishikizo vidogo vinakuja baadaye sana, karibu miaka minne au mitano, kwa hiyo usimkasirikie wa miaka miwili. Njia niliyoitumia ni kumwachia hatua ya mwisho. Namvalisha suruali hadi magotini, yeye anaivuta juu. Akishaizoea hiyo, namwachia na ile ya kabla yake. Anamaliza kwa ushindi kila asubuhi, na mtoto mwenye ushindi anatoka nyumbani bila ugomvi.

Uchaguzi nao unampa nguvu, ila uwe mdogo. Namuuliza, "Nyekundu au ya kijani?" Simuulizi anataka kuvaa nini, maana kabati zima ni swali kubwa kwa mtoto aliyetoka usingizini.

Kamba za kofia na shingoni sizitaki kabisa. Zinanasa kwenye bembea, milango na vyuma vya kupandia. Tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitoa mwongozo dhidi yake mwaka 1996, na kiwango cha Ulaya cha EN 14682 kinazikataza shingoni na kwenye kofia kwa nguo za watoto wadogo hadi miaka 7. Nguo za mitumba na za kurithiana bado zinazo nyingi. Nikipokea nguo kutoka kwa ndugu, kitu cha kwanza ni kuchomoa kamba, cha pili ni kuvuta kila kishikizo nione kama kinatoka. Viatu havirithiwi kwangu kama vimeshachukua umbo la mguu mwingine, na vipya naacha nafasi ya karibu sentimita 1 mbele ya kidole kirefu, mtoto akiwa amesimama. Na kama mnasafiri kwa gari kwenye baridi, koti nene livuliwe kabla ya kumfunga mkanda wa kiti chake, kisha afunikwe nalo juu. Likibaki ndani, linajikandamiza gari likigonga, na mkanda unabaki umelegea.

Siku za ugonjwa ndizo zinazoumiza zaidi mama mfanyakazi. Joto la nyuzi 38 na zaidi ni homa. Kwa mtoto ambaye hajafika miezi 3, homa hiyo ni safari ya hospitali bila kujadiliana na mtu. Kwa kutapika na kuharisha, kanuni inayofuatwa na vituo vingi vya malezi ni abaki nyumbani hadi zipite saa 48 tangu mara ya mwisho. Kwa hiyo siku mbili hizo lazima ziwe na mtu. Mimi na mume wangu tuliandika mapema, watoto wakiwa wazima, nani anakaa siku ya kwanza na nani ya pili, na namba ya nani inapigwa kwanza na mwalimu. Baba naye ana mkuu wa kazi, naye anaweza kumwomba ruhusa. Hili nalisema kwa uzito kwa sababu nimeona wanawake wengi wakimaliza likizo zao zote za mwaka kwenye mafua ya watoto, huku likizo ya mume haijaguswa.

Jioni nikifika navua nguo za kazini kabla ya jambo lolote, nanawa mikono kwa sabuni, kisha nakaa sakafuni. Simu inabaki kwenye mfuko wa sketi iliyotundikwa. Nguo ya jioni ni ile laini, pana, iliyofifia kwa kufuliwa, ambayo mtoto anaweza kuifutia mikono na mimi nisiwaze. Kwa watoto wanaolala mapema muda huu ni mfupi mno. Wa miaka 1 hadi 2 wanahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, wa miaka 3 hadi 4 saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwemo. Ukirudi saa kumi na mbili na mtoto anapaswa kulala saa mbili, umebaki na saa mbili tu, na usafi wa nyumba unaweza kusubiri mpaka alale.

Hivi karibuni mwenzangu kazini amerudi kutoka likizo ya uzazi. Nilimpelekea koti lile jeusi na blauzi mbili za kufungua mbele, bado zina nguvu. Akaniuliza, "Dada, kwenye uwasilishaji wangu wa Alhamisi nilitaka kuvaa blauzi nyeupe. Nithubutu?" Nikamwambia avae. Nyeupe nzito kidogo haitangazi unyevu kama kijivu, na ikipata doa unaweza kuiloweka bila kuogopa rangi kutoka. Ila akamue dakika chache kabla ya kuingia, abadilishe pedi palepale, na koti liwe kwenye kiti chake, si ofisini kwake ghorofa ya chini. Akaandika yote. Kisha akauliza kama kile chumba chenye soketi bado kinafungwa kwa ndani, tukapanda pamoja kwenda kuangalia kitasa.